Shoka la Yaya

Wiki iliyopita nilitia mpini shoka moja la zamani, uani kwangu hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Kama hujawahi kuiona kazi hiyo, nikueleze kidogo. Mashoka ya kwetu hayapitishwi mti kama yale ya dukani. Chuma chenyewe ndicho chenye mkia mrefu mwembamba, na mkia huo unaupasha motoni mpaka uwe mwekundu, kisha unausukuma ndani ya kichwa cha mpini, pale penye nundu. Mti unalia, moshi mwembamba unatoka, na harufu inayokuja hapo siwezi kukufananishia na kitu chochote. Niliivuta, na papo hapo nikawa tena msichana mwenye magoti ya vumbi, nimechuchumaa nyuma ya nyumba ya babu yangu, koko, kule mlimani.

Majirani zangu wameshazoea. Mimi ni mwanamke ninayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, nimeolewa, nimezaa, nina wajukuu, na ukuta mzima wa chumba changu cha nyuma umejaa mashoka. Wananiita Mama Mashoka, tena mbele ya wageni. Mama mmoja wa jirani akipita na kunikuta nasugua chuma husimama. “Weye mwanamuke,” ananiambia, “bengine banakusanya masahani, we unakusanya hii mashoka ya batu balikufa. Utakuya kukata nani?” Namjibu kwamba nitaanza na yeye. Tunacheka, anaenda zake, nami narudi kwenye kazi yangu.

Lakini wewe ni rafiki wa siku nyingi, sitakujibu kwa mzaha. Nitakueleza yalianzia wapi.

Kijiji chetu kilikuwa juu, upande wa Fizi, mahali ambapo asubuhi ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote chini, na jioni huoni kitu kwa sababu ya moshi wa majiko. Tulikula bukari, ugali wa mihogo, na sombe ya majani yake, na ndagala zilipopanda kutoka ziwani tulikula ndagala, zimeelea kwenye mawese mekundu mpaka vidole vinabaki na rangi hadi kesho yake. Sauti ya kijiji asubuhi ilikuwa ni vinu na mashoka. Mama alikuwa na sikio la ajabu. Anatwanga sombe, mara mchi unasimama hewani, anasikiliza, kisha anasema, “Ule ni jirani, iko anapasua mti mubichi, na shoka yake haina meno.” Ukienda kuchungulia, unakuta ni hivyo hivyo. Kila mwanamume alikuwa na shoka lake, na kila shoka lilikuwa na sauti yake, kwa hiyo wanawake walijua waume zao wako wapi bila kuuliza.

Koko ndivyo tulivyomwita babu, baba yake baba yangu. Hakuwa mhunzi. Vyuma vilitoka kwa wahunzi wa mabondeni, yeye kazi yake ilikuwa kuvifufua. Watu walimletea mashoka yaliyooza kwa kutu, yaliyosahaulika shambani, yaliyoungua pamoja na nyumba, naye aliyarudisha kazini. Njia yake ya kutoa kutu sijaiona kwingine. Kwetu mihogo inalowekwa siku kadhaa mpaka ilainike, na maji yake yanageuka makali, yananuka kweli kweli. Wengine wanayamwaga. Koko aliyahifadhi kwenye chungu kilichovunjika shingo, na humo alizamisha chuma mpaka kutu ilegee yenyewe. Kisha anasugua kwa majivu, anasugua tena kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza ngozi, na mwisho anapaka mawese. Kutoka hapo chuma kinang'aa weusi mzuri, na kinateleza mkononi.

Kumletea maji ya mihogo ilikuwa kazi yangu. Mama yalimkera. Lakini mwanamke wa kwetu hamsemeshi baba mkwe wake ovyo, kwa hiyo alinitumia mimi, kwa sauti ambayo hata mbuzi wa jirani walisikia. “Mwambie koko wako, ile maji yake iko inanuka mpaka ndani ya chakula.” Koko amekaa pale pale, amegeuza mgongo, anasugua. Hamwangalii. Ananiambia mimi, “Mwambie mama yako, shoka haina pua.” Basi nageuka kwa mama na kumwambia kitu alichokwisha kukisikia. Nilikuwa njia ya maneno yao miaka yote ile, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Shoka la baba lilikuwa la pekee. Lilifuliwa kutoka kwenye risoli, yaani bamba la springi, ya lori lililokufa njiani, na mhunzi hakuliziba lile tundu dogo la bolti. Lilibaki pale pale kwenye shavu la chuma, karibu na mkia. Nilipokuwa mdogo kidole changu cha shahada kilizama humo mpaka kwenye kifundo. Nilipokua kikaanza kukwama. Baba aliniacha nichezee tundu hilo akiwa amepumzika, mradi nisiguse makali. Ndicho ninachokumbuka zaidi juu yake, maana alikufa mapema, kwa homa, na uso wake umenipotea.

Hapo sasa nikueleze desturi, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Kwetu, mwanamume akifa, hakuna anayeruhusiwa kulia wala kukaa chini mpaka shoka lake litolewe mpini. Mzee wa nyumba analiweka kwenye jiwe, anagonga kwa gogo upande wa nyuma, pole pole, mpaka mkia unachomoka. Kijiji kizima kinasikiliza kule kugonga. Chuma kikianguka chini ndipo mama yake, au mkewe kama mama hayuko, naye anaanguka, na kilio kinaanza. Mpini unapelekwa jikoni, unachomwa chini ya sufuria ya kwanza ya msiba, na chuma kinawekwa akiba mpaka mtoto wa kiume awe na mabega ya kukibeba. Bila shoka hakuna kilio. Mtu ambaye shoka lake halijavuliwa mpini anahesabiwa bado yuko, hata kama amekaa mbali na haonekani. Koko alilitoa mpini shoka la baba kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa anamtoa mwanawe. Aligonga, akapumzika, akagonga, na mama alisimama wima pembeni, midomo imebana, anangoja kuruhusiwa.

Kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu anaitwa yaya, ndiye aliyelirithi. Alipofikisha mabega, koko alikwenda porini kumchagulia mti, akauacha mpini kwenye tope la mto ukomae, kisha siku moja akapasha mkia moto na kuusukuma. Harufu hiyo niliyokuambia, siku hiyo ndiyo niliyoijua vizuri, kwa sababu yaya alinishika kichwa na kukisogeza karibu ili nami nione. Alikuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa anapasua kuni za mama huku anaimba nyimbo za kanisani kwa maneno aliyoyabadili yeye, na mama anamkemea huku anageuka pembeni ili asionekane anacheka. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Sioni haya kusema hivyo katika umri huu.

Wakati huo vijana walikuwa wanateremkia Lulimba kutafuta dhahabu. Mashimo yanataka miti ya kushikilia kuta zisianguke, na mtu mwenye shoka zuri alipata kazi bila kuingia chini. Yaya akasema anakwenda kukata miti tu, msimu mmoja, arudi na mabati. Mama alimfungia mihogo mikavu kwenye kitambaa. Kwetu mtu hamwambii msafiri arudi, ni kama kumtilia shaka. Alimwambia, “Hii shoka ya baba yako, utairudisha.”

“Nitairudisha, mama. Mi siingie ndani ya shimo. Niko nakata tu.”

Akaondoka na shoka begani. Nilimsindikiza hadi mahali njia inapoanza kushuka, akanitekenya shingoni kwa kipande cha jani, akaenda. Hakuna kingine cha kusimulia kuhusu siku hiyo. Ningejua ningekuwa nimeangalia zaidi.

Msimu ukapita, watu wakaanza kurudi. Mama alikaa njiani na kuwauliza, na hakuwauliza habari za mtoto. Kuuliza habari za mtu aliyechelewa ni kumfungulia kifo mlango, kwa hiyo aliuliza habari za shoka. “Shoka yake mulionaka?” Mwanzoni majibu yalikuwa mazuri. “Tuliionaka, mama, iko inakata muzuri.” Mama anarudi nyumbani anatembea upesi, na jioni hiyo anaweka ndagala nyingi kwenye sahani zetu. Halafu majibu yakapungua. Halafu kijana mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya mto akaja, akasimama mbali kidogo na mama, akasema, “Shoka tuliiona. Ile iko na tundu. Lakini ilikuwa ku mikono ya muntu mwingine.”

Mama alifikiri kidogo, kisha akasema, “Alimuazimisha.” Akamshukuru yule kijana na kumpa maji ya kunywa. Nami niliamini. Yaya alikuwa mtu wa kuazimisha vitu.

Koko hakuamini. Nilimwona namna alivyoacha kusugua. Siku chache baadaye alinituma kwa mama, ingawa mama alikuwa mbele yake kabisa, akaniambia, “Mwambie mama yako, pengine tukae chini.” Maana yake tuanze msiba. Sikuhitaji kumfikishia ujumbe. Mama alimjibu yeye mwenyewe, moja kwa moja, mara ya kwanza maishani mwake. “Baba, leta shoka. Shoka ikikuya, nitakaa chini.”

Koko akageuza tena mgongo. Desturi hiyo ni yeye aliyeilinda, ni yeye aliyewakatalia wajane wa kijiji kulia kabla ya wakati, na sasa ilimfunga mikono. Alikaa hivyo hadi kufa kwake. Shoka lake lilitolewa mpini na jirani, vibaya, kwa pupa, mkia ukapinda. Nakumbuka niliona aibu kwa niaba ya lile shoka.

Kisha vita ikaja, nami sina hamu ya kuisimulia, umeshaisikia ya kutosha. Tulivuka ziwa na wengine wote, mama akiwa wa mwisho kupanda mtumbwi, analalamika, “Atatukuta wapi?” Tukakaa kambini ng'ambo, Tanzania, miaka mingi. Hiki Kiswahili changu cha kuandika nilikipata huko shuleni, na mama alinicheka kila nilipokisema nyumbani. Kambini hakuna shoka la mtu lililokuwa na sauti yake. Tulikata kuni kwa chochote tulichopata. Wanaume walikufa bila mashoka, na watu walilia tu hivyo hivyo, siku hiyo hiyo, hakuna aliyengoja kugonga kokote. Mama alihudhuria misiba hiyo yote, na kila mara alirudi na hasira.

Tuliporudi hatukupanda tena mlimani. Kijiji kilikuwa kimebaki jina. Tukapanga hapa Baraka, nikaanza biashara ya ndagala, nikaolewa. Na siku moja, karibu na soko, nikaona lundo la vyuma vinavyongoja gari la kuvipeleka Uvira kuuzwa kwa uzito. Risoli, sufuria zilizotoboka, majembe, vipande vya baiskeli. Ndani yake kulikuwa na mkia wa shoka umechomoza. Nilichomoa. Halikuwa na tundu. Nilimpa mwenye lundo samaki, akaniachia huku ananishangaa.

Nikalipeleka kwa mama. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo alinawa mikono, akapangusa kwenye kitenge, akalipokea kama mtu anavyopokea mtoto mchanga. Kidole gumba kikatembea juu ya chuma, kikaja mpaka kwenye shavu karibu na mkia, kikatafuta. “Haiko hii,” akasema, yaani silo, na kunirudishia.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nilimwambia mwenye lundo kwamba kila shoka la zamani atakalolipata, kwanza alipitishe kwangu. Akawaambia wenye pikipiki wanaotoka njia ya Lulimba. Nao wakaambiana. Miaka ikapita, mashoka yakaja. Na kwa kuwa singeweza kumpa mama chuma kichafu, nilijifunza tena njia ya koko. Nikaloweka mihogo, nikatafuta majani ya msasa, ambayo siku hizi ni mbali. Nyumba ikanuka. Mume wangu alilalamika na sikuwa na mtoto wa kumtuma amwambie shoka halina pua, nikamwambia mwenyewe.

Nilianza kwa ajili ya mama, lakini sitakudanganya, nilinogewa. Kuna raha katika kusugua kutu mpaka uone chuma kilichofuliwa na mtu usiyemjua. Unaona nyundo yake ilipopiga. Unajua kama mwenye shoka alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa namna makali yalivyolika. Ninalo moja la Kizungu, zito, la wakati wa ukoloni na mashamba ya pamba, lenye herufi zilizofutika. Ninayo membamba ya wachungaji wa Minembwe, mepesi, ya kukatia matawi ya zizi. Mzee mmoja Mrundi aliyekuwa mkimbizi kambini Lusenda alisikia habari zangu, akaja na shoka dogo limefungwa kwenye gunia. Nilidhani anauza. “Oya, mama,” akakataa kwa lugha ya kwao, “ninaomba uniwekee. Huku sina shamba, sina mti. Nikirudi kwetu nitalipitia.” Nililipaka mawese nikalitundika. Sijamwona tena. Sijui kama alirudi kwao kwa njia nyingine au hakurudi kokote. Bado nalipaka mawese kila msimu wa mvua.

Na kila shoka lilipita kwanza mikononi mwa mama. Ilikuwa hivyo hivyo siku zote, maji, kitenge, kidole gumba. “Haiko hii.” Kwa muda mrefu nilidhani anapolisema anahuzunika, nikawa namhurumia. Kumbe sikuwa nasikiliza. Siku moja nilimwangalia uso wakati kidole kinatafuta tundu na hakilioni, nikaona mabega yake yanashuka, anapumua. Alikuwa anafurahi. Kila shoka lisilokuwa la yaya lilikuwa linamwambia kwamba yaya bado yuko. Nilikuwa namletea mwanawe akiwa hai, mara kwa mara, na hicho ndicho alichokuwa anakula.

Basi nikaanza kuogopa. Nilipoona pikipiki imesimama na gunia nyuma, nilikuwa natafuta lile tundu kwanza mimi, haraka, kabla sijaingia ndani. Sijui ningefanya nini ningeliona. Sikuliona kamwe.

Kisha mama akaanza kuisha. Si ugonjwa mmoja, ni mengi madogo. Alikula vijiko viwili vya uji na kusema ameshiba. Alianza kuniuliza maswali ambayo hakuwahi kuyauliza, kama vile mume wangu atazikwa wapi, na kama kanisani wanakubali mtu aliyekaa miaka bila kushiriki. Mchana mmoja, nje mvua imetulia na watoto wa jirani wanapiga kelele kwenye madimbwi, aliniita nikae karibu.

“Mi nikifa,” akaniambia, “nani atamulilia yaya wako?”

Nilimwambia mimi nipo. Akatikisa kichwa. “We ni dada. Dada hawezi kulia mbele ya mama. Mi njo wa kwanza.” Alimaanisha kwamba kilio cha mwanamume kinafunguliwa na mama yake kama yuko, na akienda yeye kabla, kwa kuwa yaya hakuoa, hakuna tena wa kukifungua. Alikuwa amehesabu hayo peke yake, juu ya mkeka, na alikuwa ameona kwamba muda umebaki mdogo kuliko kungoja.

Siku chache baada ya hapo mwenye pikipiki akaleta shoka kutoka upande wa Lulimba. Lilikuwa na mpini bado, mpini mzuri wa mpera, umeteleza kwa jasho la mtu. Nililiangalia. Chuma kizima, kinene, hakuna tundu. Hata umbo halikuwa la mhunzi wetu, mabega yake yalikuwa ya mraba. Nililisafisha kidogo tu, maana nilijua jibu, nikaingia nalo.

Mama aliomba maji. Akanawa, akapangusa, akapokea. Kidole gumba kikaanza safari yake ile ile, kikapita kwenye makali, kikapanda shavuni, kikafika pale. Kikasimama. Kikazunguka polepole juu ya chuma kitupu, mara moja, mara nyingine. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono kulichukua.

“Njo hii,” akasema. Ndilo hili.

Nikaishusha mikono. Alinigeuzia yale macho ya ukungu na kusema tena, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. “Njo hii ya yaya wako. Ita batu.”

Niliwaita. Ungefanya nini wewe? Walikuja majirani, wakaja wa kanisani, wakaja watu wa kijiji chetu cha zamani waliotawanyika hapa mjini, wale wachache wanaokumbuka. Hapakuwa na mzee wa nyumba wa kulitoa mpini. Mume wangu si wa desturi hiyo, wanangu hawajawahi hata kuiona. Kwa hiyo mimi, mwanamke, ndiye niliyeliweka juu ya jiwe na kushika gogo. Niligonga. Mpini ule ulikuwa umekazwa na mtu anayejua kazi, haukutaka kuachia, na mama alikuwa amesimama wima pembeni, ameshikwa mabega na wanawake wawili, midomo imebana. Nikagonga mpaka mikono ikafa ganzi. Chuma kikaanguka. Mama akaanguka, na sauti iliyotoka kwa ule mwili mdogo sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote ile. Alimwita yaya kwa jina alilomwita akiwa mchanga. Alimwambia amechoka kumngoja. Alimwambia mabati hayakuwa na haja.

Nililia nami, nililia sana, lakini nikuambie kweli, nilikuwa namlilia yeye. Kila nilipojaribu kumlilia yaya nilikiona kile chuma kizima pale chini, hakina tundu, na machozi yanakataa.

Mpini tukauchoma chini ya sufuria ya kwanza. Watu wakala bukari, wakaimba, wakakaa siku zao, wakaondoka wakisema mama amepumzika. Na ni kweli, alipumzika. Hakumaliza hata msimu huo wa mvua.

Yule mama wa jirani aliniuliza baada ya kumzika mama kama sasa nitaacha. Sikuacha. Mashoka bado yanakuja, ingawa ni machache, maana vijana wanakata kwa mashine na milima imebaki nyasi. Wakikuta shoka la zamani wanalitupa kwenye lundo, na ukimwuliza mwenye pikipiki lilikuwa la nani anakuangalia kama umeuliza jina la kuku. Nalisugua, nalitia mpini wa mpera, natundika. Wanangu hunisaidia kupigilia misumari ukutani, na wageni wakija huwaambia kwa fahari kwamba lile nene la mabega mraba, lisilo na mpini, lilikuwa la mjomba wao aliyekufia Lulimba. Nawaacha waseme.

Kwa sababu ningewaambia nini? Lile ni shoka la mtu. Kuna mhunzi aliyelifua, kuna aliyeukaza ule mpini, na pengine huko kwao yuko mama anayekaa njiani na kuuliza kama kuna aliyeliona. Hatalipata. Tumeshamlilia mwanawe sisi, kwa jina lisilo lake, na mpini tumeula na bukari. Na yaya, kwa desturi yetu, bado anahesabiwa yuko. Mama aliyepaswa kukifungua kilio chake ameondoka, na kati ya watu wote waliokaa chini siku ile ni mimi peke yangu ninayejua kwamba hakuliliwa. Nami nina umri wangu. Nikienda, hakutakuwa na mtu wa kumngoja, wala wa kujua kwamba alikuwa anangojwa.